Jina la Mti na Cheti cha Asili: Boriti, Makaa na Lebo za Biashara katika Pwani ya Wabajuni

Ikisiri

Makala haya yanachunguza jinsi bidhaa za miti zilizotoka katika visiwa vya Wabajuni, mwambao wa Kismayu na pwani jirani zilivyopewa majina ya kibiashara yasiyoutaja mti wala mahali ulipoota. Mifano mikuu ni miwili: boriti za mikoko zilizopelekwa Ghuba kwa majahazi, na makaa ya migunga yaliyouzwa kwa vyeti vya asili vya uongo baada ya azimio la Baraza la Usalama la Umoja wa Mataifa la mwaka 2012. Makala yanadai kwamba upotofu wa majina katika biashara hii haukusababishwa na uhaba wa msamiati wa wenyeji. Ulitokana na soko lenyewe, ambalo kila zama lilichagua la kuuliza na la kutouliza.

1. Utangulizi

Katika vitalu vinavyouza miti midogo ya chunguni, ile inayojulikana kwa jina la Kijapani la bonsai, mti mmoja wa jenasi ya Ficus wenye mizizi minene umeuzwa kwa miaka mingi ukiwa na kibandiko cha Ficus retusa. Wanabotania wamekwisha kueleza kwamba mti huo ni Ficus microcarpa, na kwamba Ficus retusa halisi ni mti mwingine wa Asia ya Kusini-Mashariki ambao ni nadra kuonekana madukani. Maelezo hayo hayakukiondoa kibandiko. Mnunuzi amelizoea jina, muuzaji ameliandika katika orodha yake ya bei, na mche hukua vivyo hivyo kwa jina lolote.

Mfano wa pili uko karibu zaidi na Waswahili. Pemphis acidula ni mti mdogo mgumu unaoota juu ya miamba ya matumbawe, mahali panapopigwa na chumvi na upepo, kuanzia pwani ya Afrika Mashariki hadi visiwa vya Pasifiki. Nchini Indonesia na Ufilipino mti huo ni miongoni mwa inayotafutwa sana na mafundi wa bonsai, kwa sababu shina lake hupindapinda lenyewe bila kulazimishwa. Katika pwani ya Kenya umeorodheshwa kwa majina ya mkaa pwani na kilalamba kike. Mti ule ule, basi, upande mmoja wa bahari ni pambo la thamani, na upande wa pili jina lake humkumbusha msikiaji jiko.

Mifano hiyo ya vyungu ni midogo, lakini inalifungua swali ambalo wanaisimu wa Kiswahili hawajalishughulikia vya kutosha: jina la biashara la mti hujibu swali gani? Mti waweza kuulizwa ni wa jinsi gani, umeota wapi, umekatwa na nani, una unene gani, unafaa kazi gani. Hakuna lebo inayoyajibu yote. Kila lebo huchagua moja au mawili na kuyanyamazia yaliyobaki, na ni katika kunyamaza huko ndimo udanganyifu unamopata nafasi. Pwani ya Wabajuni inafaa kwa uchunguzi huu kwa sababu imesafirisha miti kwa karne nyingi, na kwa sababu katika miaka ya karibuni suala la lebo huko limekuwa suala la vita na fedha.

2. Pwani yenye majina mengi

Visiwa vya Wabajuni vimejipanga sambamba na mwambao, kutoka karibu na Kismayu kuelekea kusini-magharibi hadi mpaka wa Kenya. Vinavyotajwa sana ni Koyama, Ngumi, Chovai na Chula. Watu wake husema Kitikuu, au Kibajuni, lahaja ya kaskazini kabisa ya Kiswahili baada ya Chimwiini cha Barawa. Lahaja hiyo iliwekwa katika sarufi linganishi ya Stigand mwaka 1915. Elliott aliviandikia visiwa hivyo katika miaka ya 1920, Grottanelli alitoa kitabu chake juu ya wavuvi wa Kibajuni mwaka 1955, Chittick alivikagua kwa macho ya mwanaakiolojia mwishoni mwa miaka ya 1960, na Derek Nurse amekusanya msamiati wake kwa miongo kadhaa.

Majina ya mahali yenyewe yanatoa funzo la kwanza. Wengi hulieleza jina la Kismayu kuwa ni kisima yuu, yaani kisima cha juu, na neno yuu ndilo juu la Kiswahili sanifu kwa matamshi ya kaskazini. Waingereza waliandika Kismayu, Waitalia wakaandika Chisimaio baada ya kukabidhiwa Jubaland mwaka 1925, na Wasomali huandika Kismaayo. Bandari ndogo iliyo kusini zaidi ina hali hiyo hiyo: Burikavo kwa Wabajuni, Buur Gaabo kwa Kisomali, Port Durnford katika ramani za Waingereza, na kwa baadhi ya wanahistoria ndiyo Shungwaya ya masimulizi.

Burikavo hiyo hiyo imewahi kuhusishwa na cheti cha asili cha namna nyingine. Haywood, ofisa Mwingereza aliyefika hapo mwaka 1912, alidai kwamba alipata sarafu za kale, zikiwamo za Kiptolemi na za Kirumi. Ikiwa kweli zilitoka pale, historia ya biashara ya pwani ingepaswa kuandikwa upya kwa sehemu. Lakini taarifa za namna zilivyopatikana ni dhaifu, na wanaakiolojia waliofuata hawakuziamini kikamilifu. Sarafu ni za kweli. Kinachotiliwa shaka ni lebo. Jambo hilo linafaa kukumbukwa tutakapofika kwenye makaa.

3. Boriti: mti unaoitwa kwa unene wake

Msamiati wa mikoko katika Kiswahili cha kaskazini ni tajiri na sahihi. Mkoko wenyewe, Rhizophora mucronata, hutambulika kwa mizizi inayotoka shinani na kujikita matopeni kama miguu. Muia, Bruguiera gymnorrhiza, hutoa mizizi iliyokunjika kama magoti. Mchu, Avicennia marina, huchomoza vijizizi vyembamba vilivyosimama, na mlilana, Sonneratia alba, hutoa vilivyo vinene zaidi. Mkandaa, Ceriops tagal, ni mti mdogo ulionyooka ambao magome yake hutumiwa kutia rangi na kulainisha ngozi. Mkomafi, Xylocarpus granatum, una tunda kubwa la mviringo. Kuna pia kikandaa na msikundazi. Mvuvi au mkata miti wa Burikavo, wa Kiamboni au wa Lamu hakuhitaji maua ili kutofautisha mchu na mlilana. Mizizi ilitosha, na pahali mti ulipoota katika kujaa na kupwa kwa maji palitosha.

Tena kila jina lilibeba maarifa ya kazi. Mlilana ulitafutwa kwa mataruma ya vyombo, kwa kuwa matawi yake yana mapindo ya asili. Mchu ulikuwa kuni na vifaa vidogo. Mkandaa ulitoa fito zilizonyooka. Mkoko na muia zilitoa miti mirefu ya kuezekea dari. Asiyezijua tofauti hizo alipata hasara ya papo hapo, kwani taruma la mti usiofaa hupasuka.

Mti ulipokatwa na kupandishwa ufukweni, jina lake lilibadilika. Kuanzia hapo uliitwa fito, pau, mazio, boriti, nguzo, kigingi au banaa, na makundi hayo yote ni ya unene. Boriti ilikuwa mti wa kipenyo cha takriban sentimita 11.5 hadi 14. Ulio mwembamba zaidi ulikuwa mazio, na ulio mnene zaidi ulikuwa nguzo. Uliuzwa kwa korija, yaani kwa ishirini ishirini. Idara ya misitu nchini Kenya iliyatumia makundi hayo hayo, hata takwimu rasmi za biashara zikahesabu korija za boriti bila kusema ni za mkoko au za muia.

Majahazi ya Waarabu yalishuka kwa kaskazi na kurudi kwa kusi, yakipakia boriti Lamu na katika delta ya Rufiji. Alan Villiers, baharia na mwandishi kutoka Australia, alisafiri katika chombo cha Wakuwait msimu wa 1938 hadi 1939, kikashuka kwa kufuata pwani ya Somalia na hatimaye kikapakia boriti Rufiji. Simulizi lake limebaki kuwa miongoni mwa maelezo kamili zaidi ya biashara hiyo yaliyoandikwa na aliyekuwamo chomboni. Huko Ghuba, boriti ilipata jina jipya: chandal kwa Wakuwait na watu wa Imarati, danchal kwa Wabahraini na Wakatari. Jina hilo nalo ni la mti wa dari, si la mti ulio hai. Upana wa vyumba katika nyumba za kale za Ghuba ulifuata urefu wa mti huo, kwa hiyo mikoko ya Afrika Mashariki iliupima ujenzi wa Kuwait na Dubai kwa namna ambayo wakazi wa nyumba hizo hawakuwa na haja ya kuijua.

Je, huu ulikuwa upotofu? Kwa maana ya udanganyifu, hapana. Muuzaji na mnunuzi walikubaliana juu ya kipimo, na kipimo kilikuwa wazi. Lakini athari yake haikuwa ndogo. Takwimu zinapohesabu unene peke yake, hakuna anayeona kwamba jinsi moja ya mti imekatwa kupita kiasi na nyingine imeachwa. Kenya ilipopiga marufuku kusafirisha boriti nje ya nchi mwaka 1982, katazo liliihusu mikoko yote kwa jumla. Kiswahili cha leo kimeifuata njia hiyo hiyo: katika vyombo vya habari na nyaraka za mazingira, mikoko ni jina la jamii nzima ya miti ya maji ya chumvi, na mkoko wenyewe umekosa jina lake la pekee. Mwandishi anayetaka kuutaja Rhizophora sasa hana budi kusema mkoko halisi, au kukimbilia Kilatini. Hili ni badiliko la maana ambalo kamusi zimelikubali kimya kimya mno.

4. Sandarusi na manemane

Biashara nyingine mbili zinaonyesha kwamba jina la bandari au jina la soko linaweza kuumeza mti. Sandarusi ya karne ya 19 ilichimbwa ardhini katika bara lililoelekeana na Unguja, ikauzwa Ulaya kwa jina la kopali ya Zanzibar. Sehemu yake ilipitia India kwanza, na huko Ulaya ikajulikana kwa jina la Bombay. John Kirk, aliyefika Zanzibar mwaka 1866, alionyesha kuwa sandarusi ya kuchimbwa ilitokana na mti wa jinsi ile ile inayoishi bado pwani, ambao sasa huitwa Hymenaea verrucosa. Kabla ya hapo, bidhaa iliyokuwa ikipaka vanishi magari ya farasi ya Ulaya ilijulikana kwa bandari mbili ambazo hazikuichimba.

Kwa upande wa Somalia, manemane yenye harufu nzuri, ambayo Wasomali huiita habak hadi, ilisemekana kwa muda mrefu katika vitabu vya dawa na manukato kwamba inatokana na Commiphora erythraea. Mwaka 1991 Mats Thulin na Per Claeson walichapisha uchunguzi uliothibitisha kwamba mti wake ni Commiphora guidottii. Hapa kosa lilikuwa la wataalamu na la wafanyabiashara wa mbali. Wavunaji hawakuwa wamekosea. Walikuwa na jina moja kwa bidhaa moja kutoka kwa mti mmoja, na jina hilo lilikuwa likisubiri mtu wa kuliuliza.

5. Makaa ya Kismayu

Mwezi Agosti 2008 Kismayu iliangukia mikononi mwa al-Shabaab, na biashara ya makaa ya bara la Juba ikawa hazina yake. Kikundi cha Ufuatiliaji cha Umoja wa Mataifa kilikadiria kuwa makaa yaliwaingizia zaidi ya dola milioni 25 katika mwaka 2011. Miti iliyochomwa ilikuwa hasa migunga, na juu ya yote ule ambao Wasomali huuita galool. Mti huo hutoa makaa mazito, yanayokaa na moto kwa muda mrefu na yasiyo na moshi wa kukera. Ghuba iliyapenda kwa kuchomea nyama na kwa shisha. Yalitiwa katika magunia ya takriban kilo 25, yakapelekwa kwa malori hadi Kismayu, Burikavo na Barawa, kisha yakapakiwa vyomboni.

Tarehe 22 Februari 2012 Baraza la Usalama lilipitisha azimio namba 2036 lililozitaka nchi zote zizuie uingizaji wa makaa kutoka Somalia. Maneno ya azimio yanastahili kusomwa kwa jicho la mwanaisimu. Linakataza makaa yanayotoka Somalia moja kwa moja au kwa kupitia kwingine, iwe yalichomwa Somalia au la. Waandishi wake walitambua mapema kwamba hoja ya asili ingeweza kugeuzwa kuwa mlango wa kutokea, wakaufunga. Walifunga upande mmoja tu. Mfanyabiashara hakuhitaji kudai kwamba makaa yaliyopakiwa Kismayu yalichomwa kwingineko. Alichohitaji ni karatasi inayosema kuwa hayakupita Somalia kabisa.

Karatasi hizo zilipatikana. Mji wa Kismayu ulipobadilika mikono kati ya Septemba na Oktoba 2012, ulikutwa na rundo la makaa lililokadiriwa kufikia magunia milioni nne. Halikukaa pale. Usafirishaji uliendelea katika miaka iliyofuata, hata baada ya azimio namba 2182 la Oktoba 2014 kuruhusu vyombo kusimamishwa na kupekuliwa baharini. Ripoti za Kikundi cha Ufuatiliaji zinataja vyeti vya asili vya uongo vya Komoro, Côte d'Ivoire na Ghana. Ripoti ya mwaka 2018 ilieleza hatua nyingine: makaa yalishushwa katika bandari za Iran, yakahamishiwa katika mifuko meupe iliyoandikwa kuwa ni bidhaa ya Iran, kisha yakapelekwa Imarati kwa vyeti vipya. Safari moja, lebo mbili, na zote mbili za uongo.

Jambo la ajabu katika biashara hii ni kwamba asili iliyofichwa katika karatasi ndiyo iliyoipandisha bei. Mnunuzi wa mwisho alitaka makaa ya Kisomali kwa sababu aliujua ubora wake. Afisa wa forodha alitakiwa asiyaone. Bidhaa moja ilipaswa kuwa na majina mawili kwa wakati mmoja, moja la mdomoni na moja la karatasini, na kila jina lilikuwa na soko lake. Hali hii ni kinyume cha ile ya kitalu cha bonsai, ambako mnunuzi ndiye anayepotoshwa. Katika makaa mnunuzi aliujua ukweli, na uongo ulikuwa wa serikali kusoma.

Je, makaa yangeweza kujitetea yenyewe? Kwa kiasi fulani. Kuni ikichomwa vizuri haipotezi umbo la chembe zake. Wanaakiolojia hutumia jambo hilo kila siku kutambua miti iliyokokwa katika majiko ya kale, na mtaalamu mwenye darubini anaweza kuitambua jenasi ya mti, ingawa spishi mara nyingi humpiga chenga. Galool huota Somalia, Ethiopia, Kenya na Tanzania. Haumo katika misitu ya Komoro, wala Ghana, wala Iran. Kipande kimoja kilichovunjwa na kukaguliwa kingetosha kuzua maswali juu ya cheti chochote kati ya vile vilivyotajwa.

Lakini forodha haikuuliza mti. Katika mfumo wa kimataifa wa kuainisha bidhaa, makaa yote ya miti yako chini ya namba 4402. Ndani yake yametengwa makaa ya mianzi, na tangu toleo la 2022 yametengwa pia makaa ya vifuu na maganda ya kokwa. Kila kilichobaki, tangu mgunga wa Juba hadi msonobari wa Ulaya, kimewekwa katika kifungu cha mengineyo. Mfumo huo haukuundwa ili kusaidia udanganyifu, na hakuna haki ya kuulaumu kwa hilo. Hata hivyo ulimpa mdanganyifu alichohitaji: karatasi ambayo haina mahali pa kuandika jina linaloweza kumwumbua.

Setilaiti nazo zina mpaka wake. Mwaka 2015 Bolognesi na wenzake walichapisha matokeo ya kulinganisha picha za 2011 na 2013 za eneo la kilomita za mraba 4,700 kando ya mto Juba. Walihesabu madoa meusi yaliyoachwa na matanuri ya makaa, wakakadiria takriban tani 24,000 za makaa na upotevu wa asilimia 2.7 ya miti katika miaka miwili. Ni kazi ya thamani kubwa, iliyofanywa wakati ambapo mtafiti hakuweza kukanyaga mahali hapo. Doa jeusi, hata hivyo, halisemi lilikuwa mti gani. Wanaojua ni wale waliokata.

6. Mgunga, galool, Vachellia

Kuna mazoea katika maandishi ya mazingira ya kuliona jina la Kilatini kuwa ndilo imara na jina la wenyeji kuwa ndilo linaloyumba. Historia ya galool haiungi mkono mazoea hayo. Mti huo ulijulikana kitaalamu kwa jina la Acacia bussei. Mwaka 2005, katika kongamano la wanabotania mjini Vienna, iliamuliwa kwamba jina Acacia libaki kwa miti ya Australia, na uamuzi huo ukathibitishwa Melbourne mwaka 2011 baada ya mabishano makali, ambamo wengi waliona Afrika imenyang'anywa jina lake. Migunga ya Afrika iligawanywa katika jenasi za Vachellia na Senegalia, na mti wa makaa ukawa Vachellia bussei. Ripoti za vikwazo na makala za setilaiti ziliendelea kuandika Acacia. Kwa hiyo, katika miaka ile ile ambayo magunia yalikuwa yakipewa asili za uongo, mti wenyewe ulikuwa na majina mawili ya kitaalamu, na moja tu la Kisomali.

Haifai lakini kuligeuza hoja hili kuwa sifa tupu kwa majina ya wenyeji. Mgunga wa Kiswahili ni jina pana mno. Linachukua miti mingi ya miiba, na msemaji wa pwani ambaye hakuishi na miti ya bara hana haja ya kuitenganisha. Mfugaji wa Kisomali huitenganisha galool na qurac, Vachellia tortilis, kwa sababu ngamia wake, kamba zake na nyumba yake zinaitegemea tofauti hiyo. Hali inageuka ukifika majini: huko Kiswahili cha Kibajuni kina jina kwa kila mti wa topeni, na mtu wa bara ndiye mwenye neno moja. Usahihi wa jina hufuata kazi ya mtu. Soko la nje halikuwa na kazi na mti, lilikuwa na kazi na dari au na moto, na majina yake yalifuata hayo.

Ndiyo maana kupotea kwa wasemaji kuna uzito hapa kuliko kupotea kwa maneno katika kamusi. Baada ya dola ya Somalia kuanguka mwaka 1991, Wabajuni wengi walivihama visiwa vyao. Walikimbilia Kenya, baadhi yao wakaishi katika kambi ya Jomvu karibu na Mombasa, na wengine wakafika Ulaya. Visiwani ulibaki uchache wa watu, na biashara ya makaa iliyopitia Burikavo ilikua wakati ambapo wale walioijua bandari hiyo kwa vizazi walikuwa wameondoka au hawana sauti.

7. Cheti cha asili cha watu

Waliofika Uingereza walikutana na swali la asili kwa sura nyingine. Kwa kuwa hawakuwa na hati, na kwa kuwa Mbajuni wa Chula na Mbajuni wa upande wa Kenya ni watu wa jamii moja, mamlaka za uhamiaji ziligeukia lugha. Mwombaji hifadhi alihojiwa juu ya visiwa, vyakula, samaki na desturi, na usemi wake ukachambuliwa ili ibainike kama ni wa kusini mwa Somalia au wa Kenya. Mwaka 2004 baraza la rufaa za uhamiaji la nchi hiyo lilitoa uamuzi wa mwongozo uliojadili kwa kirefu uzito wa kujua Kibajuni katika madai ya namna hiyo. Nurse, ambaye alikuwa amekusanya msamiati huo kwa sababu za kitaaluma, aliona orodha za maneno zikipata kazi ambayo mwanaisimu hakuiwazia.

Uchambuzi wa aina hiyo una matatizo yanayojulikana. Kijana aliyezaliwa Kismayu miaka ya mwisho ya 1980 na kukulia kambini Mombasa atasema Kiswahili cha Mombasa, na huenda asijue jina la mti hata mmoja wa topeni. Usemi wake ni ushahidi wa mahali alipokulia, nao si lazima uwe ushahidi wa mahali alipotoka. Anayemhoji anaweza kuusoma usemi huo kama lebo ya uongo.

Ukiziweka taratibu mbili hizi pamoja, tofauti ya viwango ni kubwa. Gunia la makaa lilipita kwa muhuri na sahihi, na hakuna aliyelivunja kipande kimoja ili alitazame. Mtu aliulizwa jina la samaki, jina la kisima, matamshi ya neno moja moja, na jibu moja lisilolingana liliweza kuidhoofisha kesi yake yote. Ujuzi wa kina wa majina, ambao biashara ya miti iliuacha ufukweni tangu enzi za boriti, ulitakiwa ghafla, na ukatakiwa kwa wale waliokuwa wamekosa nafasi ya kuurithi.

Kazi ya kuyarekodi majina hayo kwa mpangilio unaofaa haijakamilika. Orodha nyingi zilizopo zinatoa neno na tafsiri yake peke yake. Kwa mkandaa haitoshi kuandika kwamba ni aina ya mkoko. Panahitajika mahali neno lilipochukuliwa, iwe Chovai au Kiamboni au Lamu, jina la kitaalamu lililothibitishwa kwa sampuli iliyohifadhiwa, majina ya kitaalamu ya zamani, na majina ambayo mti huo hupewa baada ya kukatwa. Wazee waliozaliwa visiwani kabla ya 1991 na ambao wangali wanaweza kusimama penye maji kupwa na kuutaja kila mti kwa mizizi yake wametawanyika sasa kati ya Kismayu, Lamu, Mombasa na miji ya Uingereza, na umri wao unasonga.